Nyongeza ya Mzee Vinu

Wajukuu zangu, na ninyi ambao si wajukuu zangu ila mnashinda madukani mmevaa beji yenye jina mlilokatiwa nusu, sogeeni. Mimi niliuza vitabu Hounslow, pembezoni mwa London, barabara kuu, katika tawi la kampuni moja yenye maduka nchi nzima. Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini na nikaondoka siku duka lilipofungwa. Leo pale panauzwa viatu vya mazoezi kwa watu wasiofanya mazoezi. Siwalaumu. Hata sisi tuliuza vitabu vingi kwa watu wasiosoma, na kila Krismasi hao ndio waliotulipia mishahara.

Watu wakisikia niliuza vitabu hudhani nilikuwa nimekaa nasoma, miguu juu. Thubutu. Kuuza vitabu ni kazi ya kuli. Kitabu ni tofali lenye picha mbele. Maboksi yanakuja asubuhi, unayapasua, unabeba, unapanga, kisha yale matofali yasiyopendwa unayarudisha kwenye maboksi na kuyaaga. Mgongo wangu huu mnaousikia ukilia nikiinuka kwenye kiti si uzee. Ni riwaya.

Niliingia kwa mlango wa ufagio. Nilitoka Tanga, nikasafisha ofisi kule uwanja wa ndege, halafu wakala akanihamishia kusafisha duka hilo kabla halijafunguliwa. Asubuhi moja Maureen, mama wa Kiayalandi aliyesimamia rafu zote, akanikuta nimeegemea fagio nasoma riwaya ya mapenzi. Badala ya kunifokea akaniuliza kitabu chenyewe kikoje. Nikamwambia huyu mume ni bwege, angekuwa Tanga angeshaachwa ukurasa wa tatu. Akacheka mpaka akashika kaunta. Wiki chache baadaye nilikuwa na beji.

Kazi yangu ya kwanza akaniachia kabati zima la riwaya nilipange. Nikalipanga. Kwetu vitu hupangwa kwa kimo: sahani kubwa nyuma, ndogo mbele, sufuria nene chini. Basi nikavipanga vitabu vile kuanzia kirefu hadi kifupi, hata ukipitisha kiganja juu yake kinateremka bila kukwama. Mwandishi mmoja alikuwa ametawanyika kabati zima kama mwenye wake wengi. Maureen akarudi, akaweka mkono mdomoni.

"It's gorgeous, darling, limependeza mno," akasema. "Hakuna atakayepata kitu humo milele."

Akakataa kulibomoa mpaka jioni. Siku ile wateja kadhaa walisimama mbele ya kabati hilo kulitazama tu, na bibi mmoja akauliza kama tunakwenda majumbani kupanga.

Maureen ndiye aliyenifundisha kazi, na mliomo humu madukani chukueni bure. Usimuulize mteja anatafuta nini, kwa sababu hajui. Muulize kitabu cha mwisho kilichomkosesha usingizi. Akisema anataka kile chenye jalada la buluu usicheke, muulize alikiona kwa nani. Stika haibanduliwi kwa kucha, utaacha utando. Ipulizie draya ya nywele, itaachia yenyewe. Kitabu kinene kipya usikipasue katikati. Funua kurasa chache za mbele, kisha chache za nyuma, hivyo hivyo kwa upole mpaka mgongo ulegee. Na kubwa kuliko yote, usimwonyeshe mtu kitabu kwa kidole. Mtie mkononi. Mtu akishakishika, kukirudisha rafuni anaona haya.

Hilo la haya nililielewa mara moja. Nadhani ndilo pekee katika biashara ya Waingereza ambalo hata Tanga lingeeleweka bila mkalimani.

Sasa nimlete Mzee Vinu, maana bila yeye haya yote ni porojo za mstaafu.

Aliingia Jumamosi moja ya mvua, mzee wa Kihindi, koti limefungwa mpaka kidevuni, kofia ya sufu imefunika masikio. Akachukua riwaya ya mauaji, akaja kaunta, akaisoma beji yangu. Mimi nilikataa kukatwa jina, kwa hiyo iliandikwa Rehema, herufi zote.

"Rehema wa wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mzee. Wa Tanga."

"Marahaba. Tanga, watu wa maneno. Mimi wa Mwanza. Nilikuwa na duka la nguo karibu na soko, mimi na baba yangu kabla yangu. Haya, dada, nyongeza yangu iko wapi?"

Kwa ninyi mliozaliwa hapa na kununua nyanya zilizovishwa plastiki, nieleze. Kwetu ukinunua fungu la nyanya, ukishalipa, unasimama palepale na kumtazama muuzaji mpaka aongeze moja juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Si punguzo, bei mmeshaelewana. Ni kukuambia: nimekuona, rudi kesho. Mzee Vinu dukani kwake alikuwa akimpa mtoto peremende, na mama aliyenunua kanga akikatiwa na utepe wa kufungia nywele za bintiye.

"Duka lisilo na nyongeza ni kituo cha polisi," akaniambia. "Unaingia, unaeleza shida yako, unatoka."

"Mzee wangu, hapa kila kitu kimeandikwa kwenye kompyuta, na kamera iko juu ya utosi wangu. Nikikupa hata kalamu, Jumamosi ijayo utanikuta nje nauza karanga."

"Basi nipe kisichoandikwa."

Nikafikiri. Pembeni ya kaunta palikuwa na riwaya nyingine ya mauaji. Nikaifungua ukurasa wa kwanza, nikamsomea. Si kwa Kiingereza, Kiingereza angeweza kujisomea mwenyewe. Nilimgeuzia kwa Kiswahili cha kwetu, na chumvi nikatia.

"Bwana huyu ameamka, amekuta maiti sebuleni juu ya zulia. Mtu mwenye akili angepiga yowe majirani wajae. Yeye anakwenda kuchemsha chai. Sasa maziwa hayapo. Maiti ipo, maziwa hayapo, na linalomuudhi ni maziwa."

Mzee Vinu akacheka mpaka kofia ikahama. Waliopanga mstari nyuma yake wakakohoa, maana Mwingereza hasukumi, anakohoa. Jumamosi iliyofuata akarudi kununua kitabu kile cha maziwa, nami nikamfungulia ukurasa wa kwanza wa kingine. Ilikuwa biashara, msinione malaika. Maureen aliniambia, sijui unamwambia nini huyo mzee, ila endelea.

Tukaendelea miaka. Sisemi mingapi. Maureen alistaafu, nikapewa rafu zake, na Mzee Vinu aliendelea kuja kila Jumamosi, kitabu kimoja na ukurasa mmoja. Mara nyingine alinilipa kwa elimu. Yeye ndiye aliyenifunza habari ya lastiki.

"Ukitaka kumwibia mama wa watu," alisema, "unapompimia lastiki ya sketi, ivute. Akitaka mkono mmoja, kiwiko hadi ncha ya kidole, ataona mkono mmoja. Akifika nyumbani imerudi, haizunguki kiuno. Akija kulalamika mwambie amenenepa."

"Nawe ulikuwa unavuta?"

"Kwa watoza ushuru tu. Mteja wangu nilimpimia ikiwa imelegea, na kidole kimoja zaidi."

Miaka ilipofika elfu mbili na kitu, makao makuu nao wakaanza kutupimia lastiki, na waliivuta hasa. Zamani Maureen aliagiza mwenyewe vitabu ambavyo watu wa Hounslow walivitaka. Sasa ikaletwa ramani moja ya kupanga meza kwa nchi nzima. Tukapokea maboksi ya vitabu vya kufuga farasi na kustawisha waridi. Hounslow, ambako bustani ya mtu ni ndoo ya dania dirishani na farasi tunayemjua ni wa polisi. Kamusi za Kipunjabi ziliulizwa kila wiki, lakini mfumo ulisema haziuziki. Haziuziki kwa sababu hazijauzwa, hazijauzwa kwa sababu hazikuletwa. Nilimweleza meneja wetu mpya, Darren, kijana mwenye tai nyembamba na moyo si mbaya. Akanitazama kwa huruma, akasema mfumo una data.

Kisha ikaja kadi ya pointi. Kila mteja aombwe jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe, ili tumjue. Kulikuwa na mteja wangu mmoja, Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu aliyehudumia wazee kwenye nyumba ya wazee karibu na stesheni. Kila akipata mshahara alikuja kumnunulia mwanawe kitabu kimoja. Nikamwekea karatasi mbele.

Akaitazama bila kuigusa. "Dada, hii karatasi inaendaka wapi?"

"Makao makuu."

"Na makao makuu banajuana na batu ya Uhamiaji?"

"Hawajuani, mama. Ni pointi tu."

"Nilishajaza makaratasi mingi mu hii inchi. Mie natafuta tu kitabu ya mutoto. Pointi mubaki nazo."

Akalipa, akaondoka na kitabu chake, na karatasi ikabaki nyeupe. Wenzangu walikuwa wakisifiwa kwa kadi walizoandikisha. Jina langu lilikuwa mkiani, nikakaa nalo hukohuko.

Mzee Vinu alipokuja, Darren mwenyewe alikuwa kaunta. Akaomba kadi. Mzee hana. Basi Darren akamwambia, kwa adabu zote, kwamba punguzo la kitabu kile ni la wateja waaminifu, na mfumo haumtambui kama mteja mwaminifu.

Mzee Vinu akanigeukia. "Rehema, mwambie mfumo aniamkie. Amenikuta hapa."

Nilicheka, lakini nilimwona amechomwa. Mtu aliyejua wateja wake kwa viuno vyao anaambiwa hajulikani. Na mambo yake mengine hayakuwa mazuri siku hizo. Macho yalikuwa yanamwacha. Daktari alimwambia katikati ya jicho panakufa, pembeni patabaki.

"Nikikutazama usoni naona masikio," aliniambia. "Mazuri, lakini nimeyachoka."

Tulikuwa na rafu ya vitabu vya herufi kubwa, pale nyuma karibu na lifti. Mzee Vinu akahamia huko. Alivisoma kwa lenzi, taratibu, akichelewa kumaliza lakini akimaliza. Mke wake alikuwa amefariki, mwanawe na mkwewe kutwa wako kazini, mjukuu yuko shule. Aliniambia waziwazi kwamba asipokuwa na mtu aliyeuawa wa kumfikiria, anajifikiria mwenyewe, na hilo halina mpelelezi. Nilimpenda yule mzee. Nikaapa kwamba mimi nikiwa pale, hatakosa kitabu.

Ndipo amri ikaja: rafu ya herufi kubwa itolewe, wekeni mishumaa yenye harufu.

"Haisogei, Rehema," Darren akaniambia. Alimaanisha bidhaa.

"Wasomaji wake nao hawasogei haraka, wana magoti. Wape muda."

Akasema si yeye, ni makao makuu. Hakuwa mwongo. Jumatatu rafu ikanuka lavenda.

Nilitafuta kila mahali. Na hapo hapo, fikirini kejeli za Mungu, makao makuu wakatuletea ile mashine ya kusomea vitabu kwenye kioo, bila karatasi. Ikawekwa mlangoni juu ya kimeza chake, na sisi tukafundishwa jinsi ya kuisifu. Yaani kampuni ya vitabu ilitutaka tumuuzie mteja kisu cha kutuchinjia, kisha tumuulize kama angependa na ala yake, ya ngozi nyeusi au nyekundu. Wenzangu walikuwa wakiipita kwa mbali. Mimi nikaichezea kwa inda, niitafutie kasoro. Nikagusa kitufe kimoja, herufi zikakua. Nikagusa tena, zikakua tena. Mwisho ukurasa mzima ulibeba maneno machache tu, kila moja limenona.

Nikasimama pale mlangoni nimeishika. Nilikuwa naichukia, na ilikuwa ndiyo dawa.

Jumamosi nikamtia mkononi, kama Maureen alivyonifunza. "Tazama, mzee. Hii haina uchovu. Unasoma mpaka ufe."

Akaishika, akaigeuza, akanirudishia haraka. "Mimi na vidude hapana. Mimi ni mteja wa duka."

Akaenda kwenye meza, akachukua riwaya nene ya herufi za chawa, akalipa. Nikamuuliza ataisomaje. Akasema ana miwani mingine nyumbani. Akadai nyongeza yake, nikampa. Hivyo hivyo wiki baada ya wiki, kitabu kinene, herufi za chawa, miwani mingine nyumbani. Nikawaza huyo daktari wa miwani ni bingwa, nimtafute na mimi.

Siku moja ya mapumziko yangu nilipanda basi kwenda kliniki. Mbele yangu viti kadhaa ameketi mzee mwenye kofia ya sufu, ameinamia kitu mapajani. Sikuwa nimevaa miwani. Lakini nikasoma, kutoka kule nyuma, bila taabu yoyote, kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa kibao cha duka: *Huyu mtu alikuwa amekufa tangu.*

Mzee akabonyeza. *Jana.*

Nikahamia kiti cha nyuma yake, nikamwinamia sikioni. "Nani kamuua, Mzee Vinu?"

Aliruka kama mume aliyekutwa kwa jirani. Mashine ikapotelea ndani ya mfuko, na mfuko wenyewe ulikuwa wa duka letu.

"Rehema. Si unavyofikiri."

"Nafikiri nini?"

"Ni ya mwanangu."

"Mwanao naye anaona masikio?"

Akaukumbatia mfuko. Mimi nilikuwa nacheka, lakini kitu kilikuwa kinapanda ndani ambacho hakikuwa kicheko. Nikamuuliza, na vile vitabu anavyonunua kwetu? Akasema anavipeleka hekalu la Wahindu kule Neasden, mbali na kwetu, wako wazee wenzake wenye macho. Alinunuliwa mashine kitambo, kabla hata sijamwonyesha ile yetu ya mlangoni. Muda wote ule alikuwa akibeba matofali kutoka Hounslow mpaka Neasden kwa ajili yangu.

"Kwa hiyo mimi ni wa kuonewa huruma," nikamwambia.

"Tulia nikwambie. Pale Mwanza, ng'ambo ya barabara lilifunguliwa duka kubwa. Bei nafuu, vioo vitupu. Wateja wangu wakaanza kuzunguka kichochoro cha nyuma nisiwaone na mizigo. Sikuwalaumu. Lakini kulikuwa na Bi Nyamizi. Nguo alinunua kule, nilijua, nilimwona amezivaa. Ila kila wiki alikuja kwangu, akaulizia hali ya mke wangu, akanunua lastiki mkono mmoja. Kila wiki. Lastiki ile ingefunga sketi za Mwanza nzima."

"Na wewe ulifanyaje?"

"Nilimpimia. Sikumuuliza ya nini." Akageuza uso dirishani. "Sasa mimi nanunua lastiki, Rehema. Na wewe umeniuliza ya nini."

Hapo ndipo nilipojiona mpumbavu wa Tanga nzima. Nimelelewa na wanawake wanaojua kumfunika mtu asivuliwe nguo hadharani, nikaenda kumvua mzee wa watu ndani ya basi. Nikajaribu kuziba. Nikamwambia njoo tu Jumamosi, usinunue kitu, ukurasa wako nitakupa.

"Nyongeza bila kununua ni sadaka," akasema, akibonyeza kengele. "Bado sijaanza kuomba."

Akashuka. Jumamosi hakuja, wala iliyofuata, wala ile nyingine. Namba yake ya simu nilikuwa nayo, lakini ningesema nini? Njoo, sitakuona tena? Haya ikimshika mtu wa kwetu, hata ukimfuata na ngoma hatoki. Nilikuwa nikisikia mlango nageuka, naona mtu mwingine anaulizia mishumaa.

Katikati ya hayo wakatangaza kufunga duka letu. Makao makuu walituma bango jekundu na barua ya kutushukuru sote kwa pamoja, hawakutaja jina la mtu.

Mngeona siku za mwisho zile. Watu ambao sijawaona tangu wana nywele nyeusi walijaa dukani wakihuzunika. Mwanamke mmoja alinishika mikono, machozi yanamtoka, akisema hili lilikuwa duka lake la moyoni. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema ananunua kwenye kompyuta, ni rahisi, wanakuletea mpaka mlangoni. Kisha akauliza kama rafu nazo zinauzwa. Darren alikuwa akizunguka na bisibisi anazifungua moja moja, na kwa mara ya kwanza alisahau kuvaa tai. Yeye naye mfumo ulikuwa haumtambui tena.

Jumamosi ya mwisho, mchana, mstari umefika mlangoni, nikaona kofia ya sufu. Alisubiri zamu yake kama watu. Alipofika kaunta akaweka mashine mezani, wazi, mbele ya macho ya watu wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kitabu nimenunua tayari. Nimenunua kwa wale wa kwenye kompyuta. Kimekuja kwa upepo, sijui vipi, ila kimekuja. Nimesubiri nyongeza. Hawana."

"Nyongeza hutolewa na aliyeuza," nikamwambia.

"Basi niuzie kitu."

Nikatazama. Rafu tupu, mishumaa imekwisha, hata farasi wamepata wenyewe. Juu ya kaunta palibaki kapu la vile vikaratasi vigumu vya kuwekea alama kitabuni usipotee ulipofikia. Akapapasa, akachukua kimoja. Mashine yake ilikuwa inajua yenyewe alipofikia. Darren akafungua mdomo amweleze hilo, nikamkanyaga mguu.

Akalipa. Nikampa risiti. Akakisukuma kikaratasi ndani ya ala ya mashine, akaninyooshea mashine yenyewe.

"Haya," akasema. "Nyongeza yangu."

Nikaiinua mashine nikaanza. Tatizo la herufi zile ni kwamba kila pumzi lazima ubonyeze. Bibi mmoja tajiri amekutwa, bonyeza, kwenye bwawa lake la kuogelea, bonyeza, amevaa joho la harusi. Nikamwambia angalia, huyu kafa kalowa, na ndugu zake wanauliza joho lile la nani. Mstari nyuma ulikuwa mrefu na hakuna aliyeelewa neno. Hakuna aliyekohoa pia. Nikamaliza ukurasa wa kwanza, nikabonyeza nikaendelea na wa pili, kidole kimoja zaidi. Alikuwa akicheka na kujifuta macho yale yaliyobaki pembeni tu, na mimi nililia waziwazi mbele ya wateja, jambo ambalo kitabu cha mafunzo kilikataza.

Mnauliza baada ya hapo. Baada ya hapo nilifanya kazi nyingine za ovyo, kisha nikastaafu. Jumamosi ya kwanza baada ya duka kufungwa, simu yangu iliita.

"Rehema, duka limefunguliwa?"

"Limefunguliwa, mzee, karibu."

Tukakubaliana bei, maana hawezi kupewa bila kununua. Bei ni kisa kimoja cha Mwanza. Akishanilipa, mimi namfungulia ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokichagua, ambacho nimeshakiazima maktaba. Visa vyake vingine najua ni vya uongo. Huwezi kuwa na shangazi aliyeuza ng'ombe mmoja kwa askari wote wa kituo kimoja. Napokea hivyo hivyo.

Siku hizi ana miaka ambayo yeye mwenyewe huikana, na hata pembeni ya macho pamekwisha. Mjukuu wake, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, amemtafutia mashine mpya inayosoma yenyewe kwa sauti. Inasoma kitabu kizima bila kunywa maji. Aliponiambia, nikamwambia hongera, na usiku sikulala vizuri. Nilijua nimeshindwa mara ya pili.

Jumamosi iliyopita simu ikaita saa ileile.

"Duka limefunguliwa?"

"Limefunguliwa. Lakini si una mashine?"

"Imeshanisomea chote. Nipe ukurasa wa kwanza."

"Na muuaji umeshamjua?"

"Ni daktari. Anza."

"Sasa mzee, kama kitabu umekimaliza na muuaji unamjua, unataka nini kwangu?"

Nilisikia redio ya Kigujarati nyuma yake.

"Tangu ustaafu, Rehema, kutwa unaongea na nani?"

Nilitazama sebule yangu: kiti, kiti, televisheni. Nikakumbuka basi, nikakumbuka Bi Nyamizi, na safari hii sikuuliza ya nini.

"Unataka kiasi gani, mzee?"

"Mkono mmoja unatosha."

Nikavaa miwani, nikafungua kitabu, nikampimia. Sikuivuta.